Koti la Mistari

Jumapili, 9 Machi

Leo ni siku ya nane tangu tufunge ndoa, na bado nikiamka nageuza shingo polepole kuhakikisha kwamba yuko. Yuko. Sydney hulala mdomo wazi kidogo na hata hivyo anapendeza. Daftari hili nilipewa na Shirleen, msimamizi wangu wa harusi, akaniambia niandike mambo ya ndoa kabla hayajawa ya kawaida. Nilimjibu kwamba yangu hayatakuwa ya kawaida hata siku moja.

Tunaishi Jericho, kwenye nyumba ya kaunti ambayo baba mkwe wangu, Baba Laban, aliipanga tangu akiwa kijana wa kiwandani. Ametuachia nyumba, yeye akahamia chumba cha mabati alichojenga uani. Mama mkwe, Mama Everline, yuko nyumbani kwao Bungoma, anaangalia mashamba. Baba angekuwa huko pia, ila macho yanamweka hapa karibu na kliniki.

Jambo moja liliniuma. Siku ya kwanza nilipoingia kama mke, nilimnyooshea Baba mkono. Akaficha mikono yake mgongoni na kurudi nyuma. Nilidhani hanitaki kwa sababu mimi ni Mkikuyu. Nikaenda chumbani nikalia. Sydney aliponikuta na kusikia sababu, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Shiro, kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hata mkono. Ni heshima hiyo."

"Sasa chai nitampaje?"

"Weka kwenye kigoda. Atachukua mwenyewe."

Basi naweka kwenye kigoda.

Jumatano, 12 Machi

Jua kali. Nimeshona mapazia ya watu mchana kutwa pale kibandani sokoni. Sydney ameniletea maembe.

Jumamosi, 15 Machi

Baba aliniita leo, nikasimama mlangoni mwa chumba chake. Huwaita wanawake wote mama, nami nimo.

"Mama, wewe una macho ya kushona. Sydney hana subira. Kuna kitu naomba unitazamie."

Alisukuma kwa mguu sanduku la bati. Lilikuja kwa basi kutoka nyumbani. Mwaka jana nyumba ya baba yake mdogo ilibomolewa, wakalikuta darini, limejaa picha za zamani.

Nimeelewa hivi. Mama yake Baba aliitwa Nalianya. Alikufa akijifungua, Baba akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na yule mtoto mwingine hakuishi. Baba yake naye hakukaa sana, ndipo baba mdogo akamlea. Sura ya mama haikumbuki kabisa. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akimwambia kwamba siku moja mpiga picha wa kutembea alifika pale nyumbani, baba yake akavaa koti la mistari, na kwamba picha za siku hiyo zipo mahali.

Dada yake mkubwa, Senge Triza (senge kwao ni shangazi), angeweza kumwonyesha mama kwa kidole, lakini yuko shambani, ni wakati wa kupanda, na kwenye simu hasikii ila kelele yake mwenyewe.

Daktari alimwambia Baba kwamba ana presha ya macho. Kilichokwisha potea hakirudi. Anasema anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba.

"Nataka nimwone uso mara moja," alisema. "Baada ya hapo, yanayokuja na yaje."

Alisema kama mtu anayeagiza kiberiti dukani.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna mvua. Mama Everline amepiga simu. Wamepanda kwenye vumbi, wanangoja.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imefika! Tulitoka kanisani tukakimbia kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni, Sydney akanifunika kwa koti lake la harusi. Koti limeharibika, nami sijawahi kufurahi hivyo.

Alasiri nilifungua sanduku. Picha ni ndogo, zenye kingo nyeupe za menomeno. Nyingi zimegandana kama chapati zilizopangwa zikiwa moto, nimeziacha zisichanike. Zilizo huru ni chache. Mzee kwenye kiti, miguu pekupeku. Wasichana wawili wanaofanana. Mwanamume mwenye baiskeli, shati tupu, amenuna kama amedaiwa, nyuma yake shamba la mahindi yanayofika magotini na kisiki cheusi. Hiyo nimeiweka chini kabisa.

Halafu nikawaona. Mwanamume amevaa koti la mistari. Ubavuni pake mwanamke mwenye mkoba mweupe mkononi. Mabega yao yamegusana! Watu wa zamani hawakuwa wakigusana kwenye picha, kila mtu anajua, lakini hawa wawili wamesogeleana kana kwamba shamba zima halina nafasi ila pale. Nilikaa nao mapajani muda mrefu. Koti limemkaa vibaya, mikono inamfika vidoleni, lakini nikasema ndio mtindo wa siku zile.

Natamani mimi na Sydney tuzeeke tukiwa tumesimama hivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Niliweka picha kwenye kigoda. Baba aliipapasa, akaitoa nje kwenye mwanga, akaisogeza mbele ya jicho la kulia kidogo kidogo.

"Koti lina mistari?"

"Lina mistari, Baba."

"Kuna mwanamke?"

"Amesimama karibu naye kabisa."

Jirani alikuwa akianua nguo. "Basi ni wao," alisema.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeipeleka kwa Mativo, yule wa picha za pasipoti pale sokoni, aikuze.

"Shem, nitatoa madoa yote. Nimpake huyu mama lipstiki kidogo?"

"Thubutu!"

"Sawa, sawa. Na mzee nimpunguze hilo koti?"

"Mativo, wewe kuza tu."

Jumatano, 2 Aprili

Picha iko ukutani mwetu, kwenye fremu, mkabala na dirisha. Baba huingia asubuhi tukishamaliza chai, anabisha hodi kama mgeni, anakaa kwenye kiti kilekile. Haongei. Sydney amesema hajawahi kumwona baba yake akikaa tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kila siku. Barabara ya Jogoo imejaa maji mpaka Makadara. Leo Baba ameniuliza, "Mama, huyu ananifanana?"

"Sana, Baba. Hapa kwenye paji la uso."

Nilisema bila kufikiri. Labda ni kweli.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Pilau. Sydney ameimba.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nitaandika mengi kwa sababu sina wa kumwambia. Sydney yuko ghalani Industrial Area, kazini.

Paa limevuja. Vigae vya nyumba hizi ni vya zamani, na maji yalipata njia juu ya kabati nililoweka sanduku. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta sanduku lina maji kama beseni. Zile picha zilizogandana zilikuwa zinaelea. Maji yalikuwa yamezitenganisha zenyewe, moja moja, nadhifu.

Nilizitoa kwa vidole, nikazitandaza kitandani juu ya taulo. Kitanda kilipojaa, nikafunga kamba kutoka dirishani hadi mlangoni nikazining'iniza kwa vibanio vya nguo. Halafu nikarudi nyuma kuzitazama zote kwa pamoja.

Kijana mwenye radio amevaa koti la mistari.

Mzee mwenye fimbo amevaa koti la mistari, na kwake halikufika kiunoni.

Wanaume wawili wamelivaa kila mmoja kwa zamu yake, picha mbili mfululizo, mahali pamoja.

Kifungo cha pili si sawa na vingine, ni kikubwa na cheusi. Kifungo hichohicho kwenye kila kifua. Na mkoba mweupe umeshikwa na bibi kizee, na mwanamwali, na mama mwenye mimba, na yule mke wetu wa ukutani. Wote wameushika vilevile, kama mtu aliyekabidhiwa kitu akaambiwa asikiangushe.

Koti lilikuwa la mpiga picha. Mkoba pia. Alitembea navyo nyumba kwa nyumba ili watu wapendeze.

Mimi ni fundi wa nguo. Mteja akiingia kibandani na koti la kuazima, najua kabla hajaketi. Hili niliona mikono imemfika vidoleni nikaita mtindo. Niliona mabega yamegusana, nikataka yawe ya mama na baba yake, kwa sababu nilikuwa na siku chache tu za ndoa na kila kilichogusana niliona ni mapenzi.

Sasa mzee wa watu anamaliza macho yake kwa kumtazama mwanamke ambaye hata sijui ni nani.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwambia Sydney. Alizitazama picha kwenye kamba, akapiga mluzi.

"Wacha tu, Shiro. Mzee anafurahi."

"Anafurahia mtu mwingine."

"Atajuaje? Mwezi ujao hataona hata ukuta wenyewe."

"Ndiyo sababu."

"Ndiyo sababu ya nini? Unataka umnyang'anye, halafu umpe nini? Uko na picha nyingine?"

Sina. Zote zina watu wenye koti au watu nisiowajua.

"Na ni wewe uliyesema ni wao," aliongeza. Kisha akaenda kutazama mpira. Huu ndio ugomvi wetu wa kwanza. Ananuna vibaya sana, mdomo unakuwa mdogo. Sikuwa nimeuona mdomo huo.

Jumapili, 4 Mei

Hatuongei. Mvua.

Jumatano, 7 Mei

Tunaongea. Amechemsha chai bila kuombwa, ikawa mbaya, nikainywa. Kuhusu Baba hatujakubaliana.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempeleka Baba kliniki. Tumetembea yeye akishika ncha moja ya mwavuli na mimi nyingine, ili tusigusane. Watu walitugeukia, sisi tukaenda zetu.

Jicho la kushoto halina kitu tena. La kulia linaona mwanga na vivuli vikubwa. Tuliporudi hakukaa kwenye kiti chake. Alisimama ukutani, pua karibu iguse kioo cha fremu, akatafuta.

"Leo wako mbali," alisema.

Chai nayo haioni tena ilipo. Mkono ulipapasa kigoda, ukapita kikombe, ukarudi. Nilitamani kuusukuma mkono ukifikie kikombe. Nilichukua kijiko nikagonga ukingo wa kigoda. Aligeuza kichwa, akakipata.

"Hivyo," alisema. "Fanya hivyo kila siku."

Jumanne, 20 Mei

Mama Everline amesema palizi ya kwanza imekwisha, na Senge Triza amepata nafasi kabla ya palizi ya pili. Anakuja Jumamosi kumwona kaka yake. Sydney amenitazama, nami nimemtazama.

Ijumaa, 23 Mei

Sikutaka Baba aambiwe na mtu mwingine. Alipomaliza kusimama ukutani, nilimwambia.

"Baba, wale si wao."

"Nani amesema?"

"Mimi. Koti ni la mpiga picha. Kila mtu kwenye lile sanduku amelivaa. Na mkoba pia ni wake."

Mvua iligonga bati la uani. Alikaa.

"Na mama yangu?"

"Sijui yuko wapi. Sijamwona."

"Uliniambia ananifanana."

"Nilikuambia, Baba."

Nilingoja anifukuze. Niligonga kigoda, akachukua kikombe, akanywa kidogo.

"Leo umezidisha sukari," alisema.

Jumamosi, 24 Mei

Sydney alimpokea Senge Triza kituo cha mabasi. Ameingia na kuku ndani ya kikapu, uyoga uliokaushwa, na sauti. Ni mfupi, amenyooka, na ana miaka mingi kuliko Baba, lakini uzi wa sindano anatunga bila miwani, nimemwona.

"Huyu ndiye mke wetu? Mbona mwembamba, Sydney? Umemficha chakula?" Kisha akainua macho ukutani, akaweka kikapu chini. "Laban! Mulongo anafanya nini nyumbani kwako?"

"Mulongo gani?" Baba aliuliza.

"Mulongo jirani! Yule ambaye ng'ombe wake alikula sabuni ya mama. Na huyu ni mke wake wa kwanza. Ni nani amewatundika?"

"Mimi, Senge," nikasema.

"Kwa nini?"

"Niliona wanapendana."

Alicheka mpaka kuku akapiga kelele. "Hao? Walikuwa wakigombana mpaka ndege wanahama mti! Mpiga picha ndiye aliwaambia wasogeleane, la sivyo mmoja atakatika nusu. Mavuno hayajafika, mwanamke amesharudi kwao."

Sydney alitoka nje. Nilimsikia akicheka huko. Nami nilikuwa nimewafanya mfano wa ndoa yangu.

Senge aliketi, nikamletea picha zote. Alizipitia kama mtu anayechambua maharagwe. Huyu fulani, huyu alikwenda Uganda, huyu mwizi. Mpiga picha alilala kwao, alisema, na picha zilipokuwa tayari akaziacha pale wenyewe waje kuzichukua wakishavuna. Wengi hawakuja.

"Na mama?" Baba aliuliza. Alikuwa amekaa wima sana.

"Mama alikataa."

Senge aliweka picha chini.

"Baba yetu alilivaa lile koti. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Akamwuliza, mwenye koti amekufa ama atakuja kulichukua? Baba akalivua kwa hasira. Halafu mama akamwambia yule mpiga picha, wewe ni mtu gani unakuja wakati wa palizi? Rudi baada ya mavuno, nitavaa gauni langu mwenyewe. Akachukua jembe akaenda zake." Senge alifuta magoti yake kwa viganja. "Baada ya mavuno tulikuwa tumeshamzika."

"Kwa hiyo hakuna picha," Baba alisema.

"Nani amesema hakuna? Mke wetu, leta ile ya baiskeli."

Ilikuwa chini kabisa, nilikoiweka tangu mwezi wa tatu. Mwanamume mwenye shati tupu, aliyenuna.

"Huyu ni baba yetu. Amenuna kwa sababu ya koti. Amesimama wapi? Mbele ya shamba. Na mama alikuwa wapi?" Aliweka ukucha nyuma ya gurudumu.

Kile nilichoita kisiki kilikuwa mgongo wa mtu aliyeinama. Kuna jembe. Kuna kitambaa kilichofungwa kifuani. Na juu ya mgongo, kichwa cha mtoto.

"Mtoto ni nani?" Sydney aliuliza. Alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu, mkono begani mwangu.

"Ni nani alikuwa akibebwa mwaka huo?" Senge alimjibu. "Mimi nilikuwa nafukuza kuku wasiingie kwenye picha. Nawaambia nilichokiona."

Jumapili, 25 Mei

Senge amekwenda kanisani na Sydney. Baba hakwenda. Alibisha hodi, akakaa, akaniomba niweke picha kwenye kigoda na nigonge.

Niligonga. Alitandaza kiganja juu yake.

"Nielekeze."

"Juu kidogo, Baba. Kulia. Hapo."

Kidole chake kiliwafunika wote wawili.

"Uso unaonekana?"

"Hauonekani. Ameinama. Ametupa mgongo."

Nilifikiri atasikitika. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Mgongo ndio niliokuwa nikiuona," alisema. "Na shingo. Shingo ilikuwa na jasho. Hilo nalikumbuka, nilidhani ni ndoto." Hakukiondoa kidole. "Mtoto anatazama wapi?"

"Anatazama kamera."

"Anaona?"

"Macho ameyafungua yote, Baba. Anaona vizuri sana."

Kwa jirani radio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

"Nimtoe Mulongo ukutani?" niliuliza.

"Mwache. Amekaa na sisi msimu mzima, tumfukuze aende wapi? Na mke wake asije akakimbia mara ya pili."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Kisha nikamwuliza kama nipeleke hii ya baiskeli kwa Mativo. Anaweza kuikata, amwache mama peke yake, amkuze mpaka ajae kwenye fremu.

"Hapana," Baba alisema. "Bado yuko kazini. Mwache amalize mstari wake."

Jumatano, 4 Juni

Mvua imepungua. Mama Everline amesema palizi ya pili imekwisha. Nimegonga kigoda, Baba amekipata kikombe mara moja.